Sura ya Tano: Saa Haina Ndugu

Katika mbio za magari za Nakuru ni vigumu kumkosa mtu unayemjua. Aliyeshika saa kwenye mlango wa mkondo, kipande cha njia kinachofungwa na kupimwa kwa saa, ndiye mwenye duka la spea linalokukopesha. Mkaguzi anayepiga magoti kuchungulia chini ya gari lako alikuwa mwelekezi wako misimu kadhaa iliyopita, kabla mkewe hajamwambia basi. Kijana wa bendera ni mtoto wa jirani yako wa Njoro, na yule mama anayesoma namba za magari redioni mlikuwa naye juzi kwenye kamati ya harusi. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini kwa watu wa mbio za magari bado ni kijiji.

Sasa, ikiwa mwamuzi na mshindani wanakopeshana, wanaoleana na kuzikana, haki itapatikana vipi? Watu hujibu haraka kwamba atafutwe mwamuzi asiyemjua mtu. Huyo hayupo kati ya Naivasha na Molo, na angekuwepo asingekubali kusimama vumbini siku nzima bila malipo. Mchezo huu umejijengea jibu lingine kwa zaidi ya miaka sabini: kazi ya mwamuzi ikatwe vipande vidogo vidogo, hata upendeleo ukose pa kukaa. Mmoja asome saa, basi. Mwingine aandike alichosomewa. Wa tatu ahesabu magari yanayopita. Kila mmoja akifanya kipande chake na kutia sahihi, shemeji anaweza kumwamua shemeji na jioni wakala nyama choma pamoja.

Mchezo wa watu wenye kazi nyingine

Chanzo chenyewe kilikuwa ubishi wa ndugu. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950 Eric Cecil alimwalika binamu yake, Neil Vincent, akashindane Langa Langa, karibu na Gilgil, ambako magari yalizungushwa kwenye njia iliyofungwa. Vincent hakuona raha ya kuzunguka palepale. Alitaka safari ya kukata nusu ya Afrika na kurudi, na atakayetangulia kufika nyumbani ndiye mshindi. Kati ya tarehe 27 Mei na 1 Juni 1953 safari ya namna hiyo ikafanyika, ikaitwa Coronation Safari, kwa kifupi Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Magari yaligawanywa kulingana na bei yake dukani, na mwaka huo wa kwanza hakukuwa na mshindi wa jumla.

Tusiipambe hadithi hiyo. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na katika mashamba ya Bonde la Ufa vibarua Wakikuyu kwa maelfu walikuwa wakirudishwa Mkoa wa Kati kwa nguvu. Usukani, saa na bendera vilikuwa mikononi mwa walowezi. Ilichukua miaka mingi vitu hivyo vitatu kubadilisha mikono, na bendera ilibadilisha mikono haraka kuliko usukani, kwa sababu bendera hainunuliwi.

Hata hivyo tabia moja ya mwaka ule haijaondoka: wengi walioshindana walikuwa na kazi nyingine. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alikuwa fundi wa magari. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant waliishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari ambalo wenye kiwanda hawakulitegemea tena. Alirudia ushindi mwaka 1974 na 1976. Kabla yake Nick Nowicki, Mkenya mwenye asili ya Poland, alishinda mwaka 1963 na Peugeot 404, akashinda tena 1968 na gari la aina hiyohiyo. Na miaka yote miwili ni magari saba tu yaliyofika mwisho.

Leo anayeingia duru ya kitaifa Nakuru ni mkulima wa Mau Narok, mwenye gereji, mwanakandarasi, au mtu wa duka la vifaa vya ujenzi. Jumatatu asubuhi atakuwa kazini. Ada ya kuingia, magurudumu, mafuta na mshahara wa fundi vinatoka mfukoni mwake, na akibahatika, kwa mfanyabiashara rafiki atakayetaka jina lake libandikwe mlangoni. Wasimamizi, yaani mamarshali, nao ni walimu, wauguzi, wenye biashara ndogo na wanafunzi. Wanapewa chakula, kizibao cha kuakisi mwanga na pengine nauli. Klabu kama Rift Valley Motor Sports Club ya hapa Nakuru husimama kwa watu hao, na si ajabu kumkuta mtu akiwa dereva duru hii na marshali duru ijayo, ama kwa sababu gari limevunjika, ama kwa sababu pesa zimeisha.

Kuhusu haki, funzo kubwa la historia hiyo ni la mwaka 1973. Zama hizo hakukuwa na mikondo iliyofungwa. Magari yalipita barabara za wananchi, na kila dakika ya kuchelewa kituoni ilikuwa adhabu. Mwisho wa safari Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, na Harry Källström wa Sweden walikuwa na adhabu sawasawa. Wote wawili waliendesha Datsun. Waamuzi hawakukaa kujadiliana nani anastahili, nani kipenzi cha watu au nani ametoka mbali. Kanuni ilikuwa imeandikwa kabla gari la kwanza halijaondoka: wakilingana, ashinde aliyekwenda mbali zaidi bila kupata adhabu ya kwanza. Karatasi za vituo zikafunuliwa, Mehta akapewa ushindi. Ulikuwa wa kwanza kati ya mitano. Ushindi huo ulitegemea makarani wa vituoni waliokuwa wameandika dakika kwa usahihi siku chache nyuma, bila kujua kwamba dakika hizo zingekuja kuamua jambo lolote.

Ijumaa: mkanda uliopitwa na tarehe

Madereva na waelekezi wameshaipitia njia kwa mwendo mdogo wakiandika noti: kona ipi inakaza, jiwe liko upande gani, wapi barabara inapotea nyuma ya kilima. Ijumaa ni siku ya ukaguzi. Magari yanapanga foleni na mkaguzi anapita na orodha yake. Anaangalia fremu ya chuma inayozuia paa lisibonyee, kofia za kujikinga, kifaa kinachoshikilia kofia ili shingo isivunjike, vizima moto, kisu cha kukatia mkanda, pembetatu nyekundu, na kibao chenye maandishi OK upande mmoja na SOS upande wa pili. Anaangalia pia taa, bima na namba za usajili, maana kati ya mkondo na mkondo gari la mbio linakwenda kwenye barabara ya kila mtu.

Mtihani wa undugu huanzia hapa. Mikanda ya usalama ina tarehe ya mwisho iliyoshonwa juu yake, na tarehe hiyo haijali kama mkanda unang'aa.

"Mzee, huu umeisha mwezi uliopita."

"Kijana wangu, mwezi mmoja tu. Hata haujakwaruzika."

"Naona, mzee. Lakini nikiandika kwamba uko sawa, jina hapo chini litakuwa langu."

Hapo hakuna hasira. Mkaguzi hapimi kama mzee ni mwangalifu au ni mzembe, na wala hakuulizwa. Amepewa tarehe ya kusoma. Mara nyingi mkanda mzima hupatikana kabla ya jioni, na haishangazi ukitoka gereji ya mpinzani. Watu wanaogombea kombe moja huazimana mikanda, jeki, hata giaboksi, kwa sababu ubingwa ulioupata baada ya mwenzako kuzuiwa langoni hauna ladha.

Jumamosi: dakika ya kuchelewa na dakika ya kuwahi

Saa kumi na mbili asubuhi baridi ya Nakuru, mji ulio karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, bado haijaondoka. Mamarshali wameshapelekwa kwenye vituo vyao, maana njia ikifungwa hakuna wa kuwapitisha tena. Anayeelewa meza ya saa ameelewa nusu ya mchezo.

Gari likikaribia mkondo, linakutana kwanza na bango la njano lenye picha ya saa: eneo la kituo limeanza. Mbele kidogo kuna bango jekundu lenye saa, na hapo ndipo penye meza. Kila gari lina dakika yake. Kama dakika yako ni saa 4:42, mwelekezi anaweza kusogea mezani mapema, lakini kadi ya kuandikiwa muda haikabidhiwi mpaka saa isome 4:42. Ukichelewa, kila dakika ni adhabu ya sekunde 10. Ukiwahi, kila dakika ni adhabu ya dakika nzima.

Mgeni huona kanuni hiyo imekaa kinyume: kwa nini mchezo wa kasi umwadhibu aliyewahi mara sita zaidi ya aliyechelewa? Jibu liko barabarani. Kutoka mkondo hadi mkondo gari linapita pamoja na matatu, malori ya Malaba na watoto wa shule. Muda uliowekwa kwa safari hiyo unatosha kwa mwendo halali. Aliyewahi amekimbia mahali pasipotakiwa kukimbia, na kanuni inamlipisha kabla polisi hawajamwona. Aliyechelewa huenda alikuwa chini ya gari akifunga bomba kwa waya. Waliotunga kanuni hiyo waliwafikiria pia wasioshindana.

Marshali wa meza haulizwi lolote kati ya hayo. Hajui kwa nini umechelewa, na hata akijua hana mahali pa kuandika sababu. Kadi ina nafasi ya saa na dakika. Anaandika, anatia sahihi, anaandika tena kwenye karatasi yake mwenyewe, na mwelekezi anasoma kilichoandikwa kabla ya kuondoka. Wajibu wa kilichomo kwenye kadi ni wa wenye gari peke yao. Mwelekezi asiyesoma kadi yake hawezi kuja jioni na kulaumu mwandiko wa mtu.

Kwenye mstari wa kuondokea zinahesabiwa sekunde 30, 15, 10, kisha tano za mwisho moja moja. Gari likisogea kabla ya ishara, adhabu inafuata. Mwisho wa mkondo kuna bango la njano lenye mirabaraba linaloonya, kisha bango jekundu lenye mirabaraba, ambapo saa inakatwa gari likiwa bado mbioni, kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya sekunde. Mbali kidogo liko bango la kusimama. Miale ya kifaa ndiyo inayokata muda, na pembeni yupo mtu mwenye saa ya mkono, kwa sababu vifaa hujaa vumbi na betri huisha.

Vumbi la hapa si jambo dogo. Ardhi kati ya Naivasha, Elementaita na Nakuru ni ya volkano: majivu laini na mawe mepesi ya kale kutoka Longonot, Eburru na Menengai. Asubuhi isiyo na upepo, vumbi la gari la mbele linaning'inia juu ya barabara dakika nzima na zaidi. Ndiyo maana magari hayaachiliwi kwa kufuatana karibu, na upepo ukikatika mkuu wa mashindano anaweza kuongeza nafasi kati yao. Wa mbele wanafagia kokoto, wa nyuma wanarithi mashimo. Mvua ikinyesha mambo yanageuka: wa mbele anapata njia nzima, wa mwisho anapata mfereji. Dereva wa mwisho kwenye orodha, yule mwenye gari la zamani na fundi mmoja, anashindana na njia tofauti kabisa na ile ya bingwa, na hakuna mwamuzi anayeweza kulisawazisha hilo.

Hesabu ya wanaopita

Kama meza ya saa ndiyo sheria ya mchezo, redio ndiyo uhai wake. Ndani ya mkondo kuna vituo vya redio kila baada ya kilomita tano hivi. Katika mkondo mrefu wa Sleeping Warrior wa Safari, ndani ya hifadhi ya Soysambu, vituo hivyo ni macho ya pekee ya mkuu wa mashindano. Kazi ya mwenye redio inaonekana ya kuchosha: kila gari likipita, anataja namba yake, kisha anaweka alama kwenye karatasi. Saba limepita. Tisa limepita. Nane?

Kimya cha namba nane ndicho walichowekewa watu hawa. Kama kituo cha pili kiliisikia nane na cha tatu hakijaiona, basi nane iko ndani ya kilomita tano zinazojulikana. Huenda ni pancha. Huenda ni gari limelala ubavu kwenye korongo, mahali ambapo hakuna anayeliona isipokuwa swala. Mstari wa kuondokea unapewa amri ya kusimamisha magari, na magari ya uokoaji yanawashwa. Karatasi iliyojazwa kivivu, iliyoweka alama kwa gari ambalo halikupita, inaweza kuwapeleka waokoaji upande usiofaa. Ndiyo maana klabu zenye busara humpa kazi hii mtu mtulivu asiyejali kupigwa picha.

Wenye gari lililopata ajali nao wana wajibu. Wakiwa wazima, wanaweka pembetatu angalau mita 50 nyuma ya gari na kuwaonyesha wanaokuja kibao cha OK. Wakihitaji daktari, wanaonyesha SOS, na gari la kwanza linalofika linalazimika kusimama, hata kama dereva wake anaongoza mashindano na anahitaji mkondo huo mmoja tu kupata ubingwa. Lisiposimama, adhabu ni kali. Bendera nyekundu ikionyeshwa kwenye kituo cha redio, kila dereva anapunguza mwendo na kuendelea polepole mpaka mwisho wa mkondo. Wale waliopoteza muda kwa sababu hiyo hupewa muda wa makadirio na wasimamizi ili wema usiwe hasara.

Saa haina ndugu, lakini barabara inao. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana, na kanuni ya SOS inalazimisha hivyo hata kwa wasiosalimiana. Dereva aliyewahi kukaa kituo cha redio na kusikia kimya cha namba nane hahitaji kutishwa na adhabu ili asimame. Hii ndiyo faida kubwa ya kumpitisha kila dereva kwenye kizibao angalau mara moja, na inazidi semina zote za usalama.

Wenye njia

Mikondo ya Bonde la Ufa haina uzio kama uwanja wa mpira. Inapita kwenye ranchi na mashamba ya watu, kwenye njia za mifugo, mahali penye pundamilia, ngiri na twiga. Kabla ya Jumamosi moja kuna wiki za kubisha hodi: kwa wenye ranchi, kwa chifu, kwa wazee wa eneo, kwa mwenye lori la maziwa linalopita kila asubuhi. Msimamizi anayeijua kazi hii hauanzi mkutano kwa ramani. Anaanza kwa kuuliza mifugo inanyweshwa wapi na saa ngapi, kisha anaipanga ratiba ya mbio kuzunguka jibu hilo.

Siku yenyewe, magari yenye namba 000, 00 na 0 hutangulia kupita mkondoni kabla ya washindani, kila moja likiwa na kazi ya kuona kama njia ni salama: utepe umekatwa, boda boda imeegeshwa kwenye kona, watoto wamepanda kwenye tuta lililo upande wa nje wa kona. Upande huo gari lililoteleza ndiko linakoelekea, na kwa bahati mbaya ndiko kunakoonekana vizuri zaidi. Marshali wa umati ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote. Meza ya saa ina karatasi ya kujikinga nayo. Huyu ana filimbi na mdomo wake. Akimwambia mzee wa rika la babake asogee, lazima ajue namna ya kusema. "Shikamoo" haizoeleki sana huku kama pwani, lakini "mzee, naomba utusaidie kuwasogeza hawa vijana" hufanya kazi ambayo filimbi haiwezi, kwa sababu sasa mzee naye ni msimamizi. Maneno yakishindwa, gari la usalama humwarifu mkuu wa mashindano, na yeye ana neno la mwisho: mkondo unaweza kufutwa, na hakuna dereva atakayerudishiwa ada yake kwa hilo.

Jumapili: nusu saa ya malalamiko

Mikondo ikiisha magari huingizwa kwenye uwanja uliofungwa ambako hakuna anayeruhusiwa kuyagusa, hata mwenye gari. Matokeo ya muda yanabandikwa ubaoni, na kuanzia hapo kuna dakika 30. Mwenye lalamiko analiandika na kuliwasilisha pamoja na amana ya pesa; likikubaliwa, pesa zinarudi. Amana hiyo humfanya mtu afikiri mara mbili kabla ya kulalamika kwa hasira.

Lakini si kila jambo linalalamikiwa. Kanuni za kimataifa za mchezo wa magari, zinazosimamiwa na FIA na kufuatwa na Shirikisho la Mchezo wa Magari Kenya (KMSF), zinawatambua waamuzi wa jambo lililotokea: mtu aliyewekwa mstarini kuangalia kama gari liliondoka kabla ya ishara, kwa mfano. Alichokiona, ndani ya kazi hiyo, hakipingwi kwa lalamiko. Ukisikia mara ya kwanza unaona ni udikteta, kumpa mwalimu wa shule ya msingi wa Gilgil neno lisilopingwa juu ya milionea wa Nairobi. Kwa kweli kanuni inamkinga mwalimu. Asingekuwa na kinga hiyo, kila jioni angezungukwa na marafiki wa dereva wakimkumbusha nani aliwahi kumsaidia. Mamlaka yake ni makubwa kwa sababu ni membamba: ni juu ya mstari mmoja na swali moja la ndiyo au hapana.

Mambo mapana zaidi, kama tafsiri ya kanuni na uzito wa adhabu, huenda kwa jopo ambalo haliendeshi mashindano. Mkuu wa mashindano anapanga na kuongoza. Jopo linaketi kando, linasikiliza pande zote, linaandika uamuzi na sababu zake. Wanajopo hawapaswi kuwa na maslahi kwa mshindani yeyote. Katika kijiji kama hiki hilo ndilo sharti gumu kuliko yote, na hapa kweli inafaa kumleta mtu wa mbali. Asiyeridhika bado ana njia ya rufaa. Matokeo ya Jumapili jioni huitwa ya muda kwa sababu hiyo, hata kama kombe limeshanyanyuliwa na picha zimepigwa.

Kutoka duru ya nyumbani hadi dunia

Safari ilitoka kwenye mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002. Iliporudi, mtihani wa kwanza haukuwa wa madereva. Julai 2019 mashindano yaliendeshwa huku wakaguzi wa kimataifa wakiangalia vituo, redio, waokoaji na udhibiti wa umati. Walikuja kupima kama Kenya ina watu wa kuendesha mbio; kama ina watu wa kushinda halikuwa swali. Kenya ilirudishwa kwenye kalenda ya 2020, ugonjwa wa Covid ukaahirisha, na hatimaye Juni 2021 magari yakaingia Naivasha. Makao yalikuwa katika chuo cha mafunzo cha Shirika la Wanyamapori, na mikondo ikapita Kedong, Loldia, Oserian, Elementaita na Soysambu.

Sébastien Ogier wa Ufaransa alishinda, akifuatwa na Takamoto Katsuta wa Japani. Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo walimaliza ndani ya kumi bora, na mwaka huohuo Tundo akawa bingwa wa Afrika. Patel alifuata kwa kutwaa taji hilo 2023 na 2024. Mwaka 2022 Maxine Wahome alishinda kundi la WRC3 katika Safari. Hao ndio waliotajwa magazetini, na walistahili. Lakini mwajiriwa wa kiwanda na mkulima wa Mau Narok waliingia mkondo uleule, wakakabidhi kadi kwa meza ileile, na dakika ya Ogier iliandikwa na mkono uliojifunza kuandika dakika za majirani katika duru za klabu.

Hapo ndipo duru za ridhaa zinapotoa faida isiyohesabiwa. Watu huzisifu kwa kulea madereva, na kulea madereva kuna gharama kubwa na mavuno machache. Tangu Ian Duncan mwaka 1994, hakuna Mkenya aliyeishinda Safari katika miaka iliyokuwa duru ya mashindano ya dunia. Kulea wasimamizi ni rahisi zaidi, na mavuno yake yanadumu. Marshali mzuri hachakai kama gari wala hahitaji mdhamini wa mamilioni. Anahitaji kufundishwa, kulishwa, kukingwa dhidi ya vishawishi vya marafiki, na kuitwa tena duru ijayo.

Shekhar Mehta alizijua pande zote mbili za meza. Mtu aliyepata ushindi wake wa kwanza kwa kanuni ya kulingana aliacha usukani, akaja kuongoza tume ya rali ya FIA, akiandika kanuni ambazo wengine wangeshinda au kushindwa kwazo, hadi alipofariki mwaka 2006. Klabu ya Nakuru inayotafuta mrithi wake isianzie kwa kijana mwenye gari la kasi. Impe mwombaji yeyote kalamu, karatasi na saa kwa msimu mzima, akae kwenye kituo ambacho rafiki zake wote watapita. Atakayeweza kuandika dakika ya kuchelewa ya rafiki yake bila kuipunguza wala kuomba radhi, huyo apewe leseni ya kushindana.